Namna ya Kuendesha Msako wa Maarifa ya Jamii Ujiji

Msako wa Maarifa ya Jamii ni mchezo ambao wanafunzi, wakiwa katika vikundi, hufuata vidokezo kutoka mahali hadi mahali na kurudi darasani na majibu waliyoyapata kwa macho na masikio yao wenyewe. Mwalimu wa Kigoma ana bahati katika jambo hili, kwa kuwa Ujiji peke yake ina historia, biashara na ziwa katika eneo ambalo mtoto wa darasa la tano anaweza kulizunguka asubuhi moja. Stesheni ya Kigoma, mwisho wa reli ya kati iliyofika huko mwaka 1914, inastahili kutembelewa pia, lakini itengewe siku yake.

Kazi kubwa ni kutunga vidokezo. Swali ambalo jibu lake limo kitabuni lisiingie kwenye msako. Ukimpeleka mtoto kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone na kumuuliza ni lini Stanley alikutana naye, atanakili 10 Novemba 1871 na kuondoka mbio. Muulize badala yake maandishi ya pale yanawataja akina nani na yanawaacha akina nani. Mkirudi darasani, jibu lake litakupa nafasi ya kueleza habari za Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, za wapagazi waliobeba pembe za ndovu kupitia Tabora hadi Bagamoyo, na za watumwa walioswagwa katika njia hiyohiyo. Kisha wahesabu hatua kutoka mnarani kuelekea ziwani. Katika miaka ya 1870 maji ya Ziwa Tanganyika yalisimama juu zaidi kuliko leo, kabla Mto Lukuga haujafungua njia ya kuyatoa upande wa Kongo, na mtoto aliyezihesabu hatua zile kwa miguu yake hatahitaji kubembelezwa ili asikilize somo hilo.

Kidokezo ninachokipenda kuliko vyote ni cha dagaa, nacho hukiandika hivi: "Mwamkie mama anayeanika dagaa. Mwulize kwa nini mitumbwi hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali. Andika jibu kwa maneno yake." Wavuvi huwavuta dagaa usiku kwa mwanga wa taa, na mwezi ukiwaka ziwa zima, taa hupoteza nguvu yake. Kutokana na jibu hilo moja mnaweza kujadili mazingira, kazi za watu, na sababu ya dagaa kuadimika sokoni katika siku fulani za mwezi.

Kadi za vidokezo zisifichwe ovyo. Mara yangu ya kwanza nilizibana chini ya mawe na kwenye matawi ya miembe, na kadi ya tatu nikaikuta imefungiwa karanga. Tangu hapo humwachia kila kadi mtu anayekaa mahali pamoja, kama vile fundi cherehani au mwenye duka, na humweleza mapema kwamba asiitoe mpaka watoto wasalimie kwa adabu.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, waandikie wazazi kuomba idhini, toa taarifa katika ofisi ya serikali ya mtaa, na uulize utaratibu wa kuingia kwenye kumbukumbu ile. Vikundi viwe vya watoto watano au sita, kila kimoja na mtu mzima wake, na kila kimoja kianzie mahali tofauti, la sivyo wa nyuma watanakili kwa wa mbele. Ufukweni mtu mzima asimame kati ya watoto na maji, bila kujali nani anajigamba kwamba anajua kuogelea.

Usimpe ushindi anayewahi kurudi, kwa maana watoto watakimbia barabarani penye bodaboda na kuandika upuuzi. Mimi hutoa alama moja kwa jibu, mbili kwa sababu iliyoelezwa vizuri, na hupunguza moja kikundi kikisahau kutoa shikamoo. Iwapo vikundi viwili vimeleta maelezo yanayopingana kuhusu dagaa, acha yote mawili ubaoni, kisha mwalike mvuvi mmoja wiki inayofuata aje kuwaamua.