Kabla hujapandisha apu yako Play Store, hakikisha tokeni zimekaa sawa

Wadau, naona watu wakikaribia kuachia apu wanahangaika sana na rangi, logo na ile skrini ya kwanza, tokeni, yaani yale maandishi marefu ambayo seva inaipa apu mteja akishalog in ili imtambue kwenye kila ombi, zinabaki vilevile zilivyokuja kwenye mfano waliokopi mtandaoni. Naomba hili tulichukulie siriazi. Mtu akishapata tokeni ya mteja wako haitaji paswedi, haitaji OTP wala alama ya kidole, seva inamwona yeye ndo mteja mwenyewe na inampa kila kitu. Zile OTP unazolipia SMS kila siku kazi yake imeisha pale mtu anapolog in, baada ya hapo ni tokeni tu inayoongea.

Anza na inapohifadhiwa. Kwenye Android, SharedPreferences, sehemu apu inapowekea vitu vidogovidogo, ni faili la XML la kawaida, liko ndani ya folda ya apu yako, shared_prefs, na tokeni imeandikwa mule inasomeka kama unavyosoma hapa. Ukitumia AsyncStorage ya React Native au shared_preferences ya Flutter hali ni ileile. Kweli apu nyingine hairuhusiwi kulifungua, ila simu ikiwa imerutiwa (imefunguliwa mamlaka yote ya mfumo) ulinzi huo haupo, halafu kuna bekapu: allowBackup kama hujaigusa kwenye manifest, lile faili la maelezo ya apu, inahesabika ni true, kwahiyo faili linaweza kupanda kwenye akaunti ya Google ya mteja na kushukia simu nyingine. Kuanzia Android 12 unaandika dataExtractionRules kusema nini kisihamishwe. Na tokeni yenyewe isimbe (ifiche isisomeke) kwa ufunguo uliotengenezwa ndani ya Android Keystore, ghala la funguo la simu, maana ufunguo huo apu inautumia bila kuweza kuutoa nje. Wale mnaotegemea EncryptedSharedPreferences, ile SharedPreferences inayosimba yenyewe, Google walishatangaza 2025 kwamba hawaiendelezi tena, msianze nayo mradi mpya.

iPhone weka Keychain, ghala lake la siri, chagua aina zinazoishia na ThisDeviceOnly ili isihamie simu nyingine kwa bekapu. Kuna kitu kimoja wengi hawakijui, mtu akifuta apu vitu vya Keychain vinaweza kubaki, sasa akiiweka tena, au simu akimpa mdogo wake bila kuifuta yote, apu inafunguka na akaunti ya zamani. Dawa yake ndogo tu: weka alama kwenye UserDefaults, sehemu ya mipangilio ya apu, hiyo inafutika pamoja na apu, apu ikifunguka ikakuta alama haipo basi isafishe Keychain kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Halafu logi, yale maandishi apu inayoyatoa ikifanya kazi. Hapa naomba uchukue simu sasa hivi, chomeka waya, andika adb logcat kisha chuja neno bearer, log in kwenye apu yako uone. Kama umeacha HttpLoggingInterceptor ya OkHttp (ile inayoandika maombi ya mtandao kwenye logi) kwenye BODY utaona mstari wa Authorization, unaobeba tokeni, umetoka wote, na kama ni JWT, aina ya tokeni yenye taarifa ndani yake na sahihi ya seva, utaitambua inaanza na eyJ. Mstari huohuo unaweza kwenda pia kwenye huduma ya ripoti za kukrashi na huko unakaa muda mrefu, kila mfanyakazi mwenye akaunti anausoma. Zima kabisa kwenye toleo la wateja, na hata kwenye majaribio tumia redactHeader, inayoficha mstari huo. Tokeni pia usiiweke kwenye URL.

JWT jamani siyo siri! Imepakiwa kwa base64 tu, yeyote anaifungua, sahihi (saini) yake inazuia kubadilisha, haizuii kusoma. Kwahiyo namba ya NIDA, namba ya simu, salio, hivyo vyote visiwemo.

Muda wa kuishi ndo sehemu inayotaka akili zaidi. Tokeni ya kazi, ile inayoenda na kila ombi, iwe ya muda mfupi, dakika 5 mpaka 15, halafu ile ya kuhuisha, inayoombea nyingine ya kazi ikiisha, ibadilike kila inapotumika, na ya zamani ikijitokeza tena seva ijue kuna wawili wanaitumia, ifute zote za ukoo huo, yaani zilizotokana na log in hiyohiyo. Kwenye makaratasi imekaa vizuri ila fikiria mteja yuko kwenye daladala, apu imetuma ombi, seva imeshabadilisha tokeni, jibu halijafika mtandao ukakata, apu inarudia na ile ya zamani, seva inadhani ni mwizi inamtoa mteja wa watu ambaye hana kosa. Au apu inatuma maombi matano kwa pamoja na yote yanakimbilia kuhuisha. Kwahiyo kwenye apu hakikisha anayehuisha ni mmoja wengine wanasubiri, na kwenye seva acha sekunde chache za msamaha kwa tokeni iliyotoka kubadilishwa. Ukiruka hili utapigiwa simu za malalamiko mpaka uamue kuweka tokeni ya mwaka mzima, na hapo umerudi palepale.

Kama unatumia OAuth, yaani mteja analog in kwenye ukurasa wa huduma nyingine kisha apu inapewa tokeni, fungua brauza ya simu, usitumie WebView (brauza iliyo ndani ya apu yako), na weka PKCE, uthibitisho kwamba aliyeanza log in ndiye anayechukua tokeni. Siri ya OAuth (client secret) ukiiweka ndani ya APK, faili la apu yako, siyo siri tena, mtu anaifungua kwa jadx, programu ya kusomea kodi ya apu, anaisoma. Na ile usesCleartextTraffic, inayoruhusu mawasiliano bila HTTPS, uliyoiwasha kwa ajili ya kujaribia, itoe.

Lakini hata ukifanya yote hayo, jiandae kwa siku tokeni zitakapovuja, kwasababu zimevuja hata kwa wakubwa. Septemba 2018 Facebook walikutwa na tatizo kwenye kipengele cha View As, cha kuona ukurasa wako kama mtu mwingine anavyouona, sehemu ya kupandisha video ilikuwa inatoa tokeni yenye nguvu za apu ya simu, tena siyo ya anayeangalia bali ya yule unayejifanya kuwa yeye. Zikaibiwa za watu kama milioni 30. Kilichowasaidia ni kwamba waliweza kuziua, walizima tokeni za akaunti milioni 50 pamoja na nyingine milioni 40 kwa tahadhari, watu wakalazimika kulog in upya. Wewe leo ukiambiwa uzime zote ndani ya saa moja una njia? Na mteja mmoja akipiga simu analia kaporwa simu stendi, yule dada wa huduma kwa wateja ana kitufe cha kubonyeza au anamwambia asubiri mafundi Jumatatu?

Jaribu hivi kabla ya kupandisha. Log in, kopi tokeni zote mbili pembeni, log out kwenye apu. Sasa chukua curl, programu ya kutuma maombi kwa seva, tuma ile ya kuhuisha kwenye seva. Ikikujibu 200 (imekubali) na tokeni mpya, log out yako inafuta kwenye simu tu, tarehe ya kuachia isogeze mbele mpaka ijibu kwa kukataa.