Kutafuta makala za utafiti kuhusu Ziwa Victoria: anza na majina

Kuhusu Ziwa Victoria yameandikwa mengi, na sehemu kubwa imefanyiwa utafiti hapa hapa Mwanza. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kule Malimbe au cha CUHAS pale Bugando anayesema "hakuna makala kuhusu mada yangu" mara nyingi ametafuta kwa jina moja tu, wakati watafiti wametumia matano.

Hatua ya 1: Orodhesha majina kwenye karatasi

Hii ndiyo hatua ya kupewa muda mrefu kuliko zote. Tuseme unatafiti upotevu wa dagaa baada ya kuvuliwa. Gawa mada katika vipande vitatu: samaki, tatizo na mahali. Chini ya kila kipande andika kila jina linaloweza kutumika.

Dagaa wetu kisayansi ni Rastrineobola argentea, lakini makala za zamani zinamwita Engraulicypris argenteus. Wakenya humwita omena, Waganda mukene, na makala nyingine huandika "silver cyprinid". Usipoweka omena na mukene, unaacha tafiti za ziwa lile lile, samaki yule yule, kwa sababu ya mpaka tu.

Kosa la upande wa pili: ukiandika "dagaa" peke yake utaletewa pia dagaa wa Kigoma, yaani Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Hao ni wa familia nyingine kabisa, na matokeo ya utafiti wao huwezi kuyahamishia soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Jina la ziwa lisikosekane.

Mada nyingine zina mtego huo huo. Sangara ni mbuta Kenya na mputa Uganda. Sato, Oreochromis niloticus, zamani aliandikwa Tilapia nilotica. Magugu maji yalijulikana kama Eichhornia crassipes, na sasa makala mpya zinatumia Pontederia crassipes. Tafuta yote mawili.

Hatua ya 2: Pitia katalogi ya maktaba

Kwa vitabu na tasnifu. Ukishapata namba ya kitabu kimoja, nenda rafuni ukaangalie vya kushoto na kulia kwake, maana vitabu vya mada moja hupangwa pamoja. Maktaba inayotumia mfumo wa Dewey huweka uvuvi kwenye 639. Ya mfumo wa Library of Congress huweka kwenye SH.

Hatua ya 3: Google Scholar

Hii ni huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma. Andika hivi:

"Rastrineobola argentea" OR omena OR mukene "Lake Victoria" "post-harvest"

Alama za mtajo huyashika maneno pamoja. Bila hizo, Lake na Victoria hutafutwa kila moja kivyake. OR iwe kwa herufi kubwa. Ikiwa kwa herufi ndogo haifanyi kazi yake. Google Scholar haikuonyeshi zaidi ya matokeo 1,000 hata ikisema imepata 20,000, kwa hiyo yakizidi, ongeza neno la kubana badala ya kuperuzi kurasa.

Kuwa mwangalifu na kichujio cha miaka. Sharti la "miaka mitano ya karibuni" linafaa kwa hali ya sasa. Lakini anayeandika kuhusu kupungua kwa furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, anahitaji tafiti zilizofanyika Ghuba ya Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, kabla sangara hajatawala ziwa. Akizichuja, hana cha kulinganishia.

Hatua ya 4: PubMed, kwa mada za afya

PubMed ni kanzidata, yaani hazina ya kutafutia makala, za tiba na afya. Hapa mpangilio wa maneno unabadilisha jibu, kwa sababu PubMed husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ukiandika:

"Lake Victoria" AND schistosomiasis OR bilharzia

utaletewa kila makala ya kichocho yenye neno bilharzia, hata ya Misri au Brazili. Tanguliza majina yanayolingana, mahali pafuate:

schistosomiasis OR bilharzia AND "Lake Victoria"

Kinyota hupanua neno: fisher* italeta fishers, fisherman na fisheries. Lakini ukikitumia, PubMed haikutafutii tena visawe vya neno hilo, hivyo viandike mwenyewe.

Hatua ya 5: Pata makala nzima

Tovuti ya jarida ikidai dola, usilipe kwanza. Bonyeza "All versions" chini ya makala kwenye Google Scholar. Mara nyingi kuna nakala ya bure kwenye hazina ya chuo fulani. Ikikosekana, muulize mkutubi kuhusu Research4Life, mpango unaowapa wasomi wa nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu: Hinari ni ya afya, AGORA ya kilimo na uvuvi. Ingia kwanza kupitia lango lake kwa nywila ya chuo, ndipo utafute jarida. Ukienda moja kwa moja kwenye tovuti ya jarida, haikutambui na itakudai malipo. Majarida ya Afrika yatafute AJOL (African Journals Online), ambako mengi husomwa bure.

Hatua ya 6: Fuata mnyororo, andika daftari

Makala moja nzuri ina njia mbili: orodha ya marejeo inakurudisha nyuma, na "Cited by" ya Google Scholar inakupeleka kwa waliokuja baadaye. Makala ukizihifadhi Zotero, programu ya kutunza marejeo, kagua jina la mwandishi na mwaka papo hapo, maana taarifa zinazovutwa kutoka faili la PDF mara nyingine huja na kasoro.

Kwenye daftari andika tarehe, kanzidata, maneno uliyotumia kama yalivyo na idadi ya matokeo. Ukikwama, mpelekee mkutubi ukurasa huo. Ataona jina gani umeliacha.