Moyo ukianza kuruka na wewe uko Lamu: shika mkono uhesabu, andika, ndipo uende

Mamangu moyo ulikuwa ukimwenda mbio usiku, anakaa kitako kitandani ameshika kifua, ananambia mwanangu moyo wanipiga matari, kukicha umepoa. Tukifika hospitali saa nne asubuhi anapimwa ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, inatoka safi kabisa, anaambiwa mama haya ni mawazo, punguza chai ya rangi urudi nyumbani. Mara tatu hivyo hivyo. Nyumbani nako kila mtu ana lake, huyu asema ni jicho, yule asema ni jini ametoka naye baharini. Kisomo tukamsomea na sijutii, lakini mara ya nne nilienda na karatasi nimeandika tarehe, saa 8 usiku, mapigo 138 kwa dakika, yamechanganyika hayana mpangilio, yamedumu dakika 50, na hiyo karatasi ndiyo iliyobadilisha mazungumzo.

Manake shida ya mapigo mabaya ni kwamba mengi yanakuja na kuondoka. ECG ya kawaida inanasa kama sekunde 10 tu za moyo wako, kwa hivyo ikiwa wakati huo moyo umetulia karatasi itatoka nzuri na daktari hana makosa, hakuona kitu. Lazima wewe umletee kile ambacho hakukiona. Na sisi wa visiwani ndio zaidi, mtu wa Faza au Kizingitini mpaka apate boti, avizie maji yajae, ashuke gatini, apange foleni, moyo ushajitengeneza zamani.

Kuhesabu kwenyewe ni hivi. Kaa, tulia dakika 5, na kama umetoka kushuka zile ngazi zetu za nyumba za mawe basi ngoja zaidi. Geuza kiganja kiangalie juu, weka vidole viwili au vitatu vya mkono wa pili chini ya kidole gumba, pale kwenye kibonde pembeni ya mfupa, ubonyeze kidogo tu. Usitumie gumba, lina mshipa wake utajihesabu mwenyewe badala ya mgonjwa. Simu weka saa ya kuhesabu sekunde uhesabu dakika nzima, sekunde 60. Wengi huhesabu sekunde 15 wakazidisha mara 4, hiyo ni sawa kwa moyo unaokwenda vizuri, lakini moyo unaoruka utakudanganya. Mtu mzima aliyepumzika kawaida yake ni 60 mpaka 100. Kijana wa mazoezi au nahodha wa jahazi mwenye mwili wa kazi anaweza kuwa na 50 na yuko salama salmini.

Lakini nambari peke yake haitoshi, sikiliza mdundo. Fikiria matari ya maulidi, wapigaji wanajua kazi yao, pigo na pigo linaachana sawa hata wakiongeza kasi. Ukisikia mdundo ni sawa, halafu ghafla limekosekana moja na linalofuata ni zito kama limekupiga teke kifuani, hilo mara nyingi ni pigo la ziada tu, watu wengi wazima wanalo na halina neno, ila likizidi sana lionyeshe. Ukisikia mbio kali 160, 180, lakini zimenyooka sawasawa, zimeanza kama mtu amewasha taa na zitazimika vile vile, hiyo ni njia ya umeme ndani ya moyo imefanya mzunguko, vijana huipata sana na ina tiba nzuri. Sasa ukisikia kama watoto wamenyakua matari wanapiga kila mmoja lake, moja refu, mbili fupi, moja dogo halisikiki vizuri, hakuna mpangilio wowote, hapo simama. Hiyo ndiyo ya mamangu. Vyumba vya juu vya moyo havikazi tena, vinatetemeka tu, damu inazubaa kwenye kona na inaganda, na donge likichomoka likapanda kichwani ndio kiharusi. Mwenye mdundo huu hatari yake ya kiharusi ni kama mara 5 ya mwenzake, na wengine hawasikii chochote, wala mbio wala maumivu, wanagundulika wakiwa tayari upande mmoja umepooza.

Mashine ya presha ya nyumbani inasaidia, nyingine zina kialama kinachowaka mapigo yakiwa hayana mpangilio, ila kwa moyo wa aina hii presha yenyewe inaweza kutoka ya uongo, pima mara 3 mfululizo.

Kwenye karatasi andika tarehe na saa, mapigo mangapi, mdundo ni wa sawa au umechanganyika, ulianza ghafla au ulipanda polepole, ulichukua dakika ngapi, ulikuwa ukifanya nini, na kama kulikuwa na kizunguzungu, pumzi kukata au kifua kubana. Andika dawa zote, hata ya mafua ya dukani na ile ya chupa ya mganga. Na miraa andika. Najua mzee hataki kusema mbele ya mkewe, lakini miraa inapandisha mapigo na presha, na hizi soda za nguvu vijana wanazoshushia nazo ndio kuongeza petroli, daktari asipojua atakutafutia ugonjwa mwingine. Tena ukiweza mkimbilie ECG moyo ukiwa bado unaruka, usingoje upoe uone haya.

Kuna wakati lakini karatasi iache, toka uende saa hiyo hiyo. Mtu amezirai, hasa akiwa anakimbia au anacheza mpira. Kifua kinabana au pumzi hazitoshi. Mapigo yako juu ya 150 amekaa kimya na hayashuki, au yako chini ya 50 na anaona giza. Uso umepinda, mkono hauinuki, maneno yanakokota, hiyo ni kiharusi na kuna dawa ya kuyeyusha donge ambayo inataka ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, kwa hivyo kumbuka saa iliyoanza uwaambie hata kama unahisi mmeshachelewa. Nambari ya mtu wa boti ambaye hata usiku wa manane anapokea weka kwenye simu leo, sio siku hiyo. Mtu aliyezirai usimpakie juu ya punda, mlaze mbebeni. Na akiwa hapumui kabisa, kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili kwa nguvu, kishuke sentimita 5 hivi, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache mpaka msaada ufike.

Ukifika hospitali, iwe King Fahd pale mjini au ukiwa bara Mpeketoni, toa karatasi mwanzo kabla hujaulizwa. Uliza kuhusu vipimo vya damu vya potasiamu, thairodi na upungufu wa damu, maana hivi vitatu vinavuruga moyo na vinatibika. Uliza kuhusu eko, ile picha ya moyo kama ya mama mjamzito, inaonyesha vali, yaani milango ya moyo. Hapa kwetu vali zinaharibika sana kwa ugonjwa ulioanza na koo la utotoni halikutibiwa kwa penisilini, miaka inapita, binti anabeba mimba ndio moyo unalalamika. Kama mapigo bado hayanaswi kuna Holta, kimashine kidogo unafungwa kifuani saa 24 au 48, mamangu yake ilibidi Mombasa. Huogi ukiwa nayo kama hujaruhusiwa, wanaume wananyolewa kifua, vaa kanzu au dera pana, na kila ukisikia kitu andika saa. Karatasi ya ECG ukipewa piga picha na simu hapo hapo, ni karatasi kama ya risiti, joto letu hili linafuta maandishi miezi michache umebaki na karatasi nyeupe.

Dawa ni mambo mawili tofauti na watu wanayachanganya. Kuna za kupunguza mbio, kama bisoprolol, atenolol na digoxin, hizi ndizo unazosikia raha yake. Na kuna ya kuzuia damu kuganda, hii husikii chochote ukiimeza ndio maana watu wanaiacha, na ndiyo inayokukinga na kiharusi. Asprini haichukui nafasi yake, sijui nani alieneza hayo. Mbio za mdundo sawa kuna wanaofundishwa na daktari kujikaza, unapuliza bomba la sindano kama sekunde 15 halafu unalazwa miguu juu, ikikataa kuna sindano hospitali. Wengine wanachomwa ile njia mbovu ya umeme kwa mpira unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, yakaisha. Na moyo unaopiga polepole kupita kiasi, wazee hasa, unawekewa betri chini ya ngozi ya kifua.

Warfarini, moja ya hizo dawa za kuzuia damu kuganda, nitakaa nayo kidogo kwa sababu ndiyo inayotutesa. Dawa zile mpya za kazi hiyo hiyo hazihitaji kupimwa kila mara, lakini mwenye vali ya chuma au vali iliyobana sana kwa ule ugonjwa wa koo haziwezi kumfaa, huyo anabaki na warfarini. Inapimwa kwa INR, kipimo cha damu kinachoonyesha inavyochelewa kuganda, na kwa mapigo ya aina ya mamangu inatakiwa 2 mpaka 3, ikiwa chini damu inaganda, ikiwa juu unavuja. Meza saa moja ile ile kila siku, sisi ni baada ya Isha. Mboga za majani hujakatazwa, usiwasikilize wanaosema mchicha ni sumu, ila usile wiki nzima hakuna halafu siku moja ukafakamia sufuria, kula kiasi kile kile siku zote. Diclofenac na ibuprofen za mgongo usiguse, waambie panadol. Flajili na septrini zinaipandisha INR, kwa hivyo yeyote anayekuandikia dawa, hata wa meno, mwambie unameza warfarini. Choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu, au umegonga kichwa kwenye boriti hata kama hujatoka damu, nenda. Na mwanamke anayetarajia mimba amwambie daktari mapema kabla haijaingia, warfarini inadhuru mtoto.

Ramadhani muulize daktari Shaaban haijaisha. Ya mara moja kwa siku inaingia vizuri baada ya futari, lakini zile za mara mbili, toka daku mpaka futari ni zaidi ya saa 13, dozi zinaachana vibaya, kuna ambao wanabadilishiwa dawa na kuna ambao wanaambiwa wasifunge.

Na akiba. Miezi ya kusi bahari ikichafuka boti hazitoki, dawa ikibaki ya siku 3 umeshachelewa. Sisi tuna kopo la pili la wiki 2 haliguswi, liko kwenye kidaka pamoja na daftari la mapigo, na linapofunguliwa tu mtu anatumwa mjini.