Jiko la mkaa kipindi cha baridi: likiacha kutoa moshi ndo uliogope

Sisi wa Njombe na Makete mwezi wa sita ukiingia tunajuana, jioni jiko linawashiwa nje alafu makaa yakishakolea linaingizwa ndani watu waote. Shida ipo hapo kwenye kukolea, maana wengi tunaamini moshi ukiisha basi jiko halina tena neno. Wapi! Kuna hewa inaitwa kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na yale makaa mekundu mazuri yasiyo na moshi hata kidogo ndo yanaitoa kwa wingi, ukiivuta inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni kwaiyo mwili unakosa hewa huku wewe unajiona unapumua vizuri tu.

Mwaka juzi tulilala na jiko chumbani, dirisha tumeziba na blanketi kuzuia upepo. Usiku shangazi akaamka kwenda chooni akadondoka pale mlangoni, na kile kishindo ndo kilituamsha, vichwa vinagonga, kichefuchefu, miguu haina nguvu, na bado tukawa tunalaumu kande za jioni. Kwaiyo mkiona watu wa chumba kimoja wote vichwa vinauma kwa pamoja na mkitoka nje mnapata nafuu, msianze kutafuta panadol, ni jiko hilo. Mtoeni mtu nje haraka apelekwe hospitali awekewe oksijeni hata kama kashazinduka. Habari za kumnywesha maziwa achaneni nazo, maziwa hayaitoi ile hewa kwenye damu, na aliyezimia anaweza kupaliwa.

Kulala na jiko ndani ni hapana, hata likiwa na makaa matatu, hata dirisha likiwa wazi kidogo. Ota moto mkiwa macho, mlango wazi, alafu kabla ya kulala litoe nje kabisa, siyo kulisogeza koridoni. Na msidhani ni mkaa wa miti peke yake, hata huu mkaa mbadala wa makaa ya mawe, kama ule wa STAMICO, shirika la madini la taifa, unaoitwa Rafiki Briquettes, unapunguza kukata miti ila chumbani usiku nao haulali na mtu.

Kuwasha sasa. Huku kwetu vibanzi vya paini vimejaa, magunzi makavu nayo yanashika vizuri, sijui kwanini mtu anawashia mifuko ya nailoni ule moshi wote aumalizie kifuani. Mafuta ya taa kama lazima uyatumie mwagia kidogo kwenye mkaa wa baridi kabla hujawasha kiberiti, usije ukaongezea kwenye jiko lenye moto eti linasuasua, mtu anaungua uso hivihivi. Likisuasua mara nyingi ni majivu yamejaa chini hewa haipiti, kung'uta vile vitundu, fungua kimlango, pepea. Mkaa nao angalia, mkavu ukigonganisha unalia kama kigae, ukiwa umelowa unaruka cheche, na visinga ambavyo havikuiva vitoe uvichome nje maana vinafukiza nyumba nzima.

Jiko liweke chini palipo sawa, siyo juu ya zulia wala karibu na pazia, na ukipika sufuria kubwa hakikisha haliyumbi kwenye mafiga. Kanga ifunge vizuri isiburuze. Watoto ndo msiseme, wengi wanaungua na maji ya moto kwa kuvuta sufuria, siyo na moto wenyewe.

Udongo wa ndani ndo roho ya jiko. Jiko jipya lianzie moto mdogo mdogo siku za mwanzo, na usilizime kwa kulimwagia maji, udongo unapasuka na ule mvuke unakubabua mikono. Mimi makaa yaliyobaki nayachota na koleo naweka kwenye debe la bati lenye mfuniko wa kubana, debe likiwa nje, yanazima yenyewe na kesho nayatumia tena. Ukiona ufa, chukua udongo wa kichuguu changanya na majivu yaliyochekechwa, lowanisha ufa kwanza, ziba, acha kivulini mpaka ikauke kabisa ndo uwashe. Ila bati la chini likishatoboka makaa yanadondoka sakafuni, hilo peleka kwa fundi au nunua lingine, usilifanyie ubahili.

Majivu yamwage shimoni siku ya pili yakiwa yamepoa. Jirani yangu aliyatia kwenye ndoo ya plastiki jioni akaiacha barazani, asubuhi kakuta mshikio tu.