In pari delicto: namna ya kuitumia bila kujifunga bao

Juzi binamu yangu anayesoma sheria alinipigia usiku akilalamika: swali la kilemba cha nyumba (pesa za kupewa nyumba, mbali na kodi), na yeye ameshajaza kurasa tatu za Kilatini. Tulimaliza saa sita. Tulikwenda hivi.

Hatua ya 1. Andika kanuni nzima: in pari delicto potior est conditio possidentis. Wakosaji wakilingana, aliyekishika kitu ndiye mwenye nafasi bora. Mahakama haimzawadii, inawaacha palepale ilipowakuta.

Hatua ya 2. Possidentis si mwenye mali. Kiswahili chetu humwita "mmiliki" mwenye hati, kisha mara humwita hivyohivyo aliyekalia tu. Warumi waliwatenganisha: mwizi akiondoka na baiskeli yako, possessio, yaani kukishika kitu, anayo yeye; dominium, yaani umiliki, imebaki kwako. Programu za kutafsiri zinavuruga hapa, achana nazo.

Hatua ya 3. Pima kama makosa yanalingana. Katika Kiriri Cotton v Dewani (1960), mpangaji wa Kampala alitoa kilemba cha shilingi 10,000 kwa fleti, na sheria ya kodi za nyumba ilikataza. Alirudishiwa, kwa sababu sheria ile ilitungwa kumlinda yeye, na wajibu wa kuitii ulikuwa wa mwenye nyumba. Binamu, kwenye jibu lake, alikuwa ameshamnyima.

Hatua ya 4. Dai lako limeegemea nini? Hii ndiyo iliyonitoa jasho nikiwa wakili mchanga. Mteja alitaka kumtoa mtu kwenye kiwanja alichompangisha kinyume cha sheria. Aya ya tatu ya hati ya madai nikaandika "kwa mujibu wa makubaliano ya upangishaji", nikayaambatisha, kielelezo A. Wakili wa mdaiwa alisimama na karatasi yangu mwenyewe mkononi, akasoma aya hiyo, akaketi.

Baadaye ndipo nikaisoma Amar Singh v Kulubya, iliyoamuliwa mwaka 1963 na Privy Council, baraza la London lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni. Mwenye ardhi ya mailo (umiliki binafsi wa ardhi uliosajiliwa) huko Buganda alikuwa amempangisha asiye Mwafrika bila idhini ya Gavana wala Lukiiko, bunge la Buganda. Upangishaji ulikuwa haramu, lakini ardhi alirudishiwa: dai lake lilisimama juu ya umiliki uliosajiliwa, mkataba hakuuhitaji.

Basi anza na hati ya ardhi. Lakini hii si ruhusa ya kuficha: haramu ikijitokeza mbele ya hakimu, anaweza kuishughulikia hata kama hakuna aliyeitaja. Na kama hati yenyewe ilipatikana kwa ujanja, njia hii haikusaidii. Ukinukuu hukumu za Uingereza, angalia mwaka. Tangu Patel v Mirza (2016) Waingereza wenyewe wameacha kipimo cha kuegemea mkataba, wanapima sera ya sheria na uwiano.

Hatua ya 5. Nafuu. Omba kurudishiwa kiwanja. Malimbikizo ya kodi yaache, hata mteja akinuna, maana ukiyadai tu umekirudisha kielelezo A mezani.