Kazi ya likizo kwa kijana wa miaka 14 hadi 17: jinsi ya kuipanga

Mtihani wa Kidato cha Nne hufanyika Novemba, na Kidato cha Tano huanza Julai ya mwaka unaofuata. Hapo katikati kijana anakaa nyumbani miezi saba hivi, na ndipo mjomba mwenye duka anaposema, "Mlete anisaidie." Si wazo baya. Huharibika kwa sababu hakuna aliyekaa chini kusema atafanya nini, mpaka saa ngapi, kwa shilingi ngapi. Maelekezo haya ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

Umri kwanza, tena kwa karatasi

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Akishafika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumkatisha masomo. Anayevunja katazo hilo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kufungwa mwaka mmoja, au vyote viwili. Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto mpaka atimize 18, hata kama ndevu zimeshaota.

Usikadirie umri kwa kimo. Omba cheti cha kuzaliwa, toa nakala, iweke. Wanaowaponza waajiri zaidi ni waliomaliza darasa la saba: wanaonekana wamemaliza shule, kumbe wengi wana miaka 12 au 13. Hao ajira bado.

Kazi ipi

Sheria ya Mtoto inataja kazi za hatari kwa mtoto: kwenda baharini, migodi na machimbo, kubeba mizigo mizito, viwanda vyenye kemikali, sehemu zenye mashine, na baa, hoteli na kumbi za starehe. Ukiileta hiyo orodha mtaani kwako, maana yake ni hivi: asipangwe kwenye mashine ya kusaga wala msumeno wa buchani. Asihudumie grosari inayouza bia, hata kama ni ya shangazi yake na "wateja ni watu wazima wenye heshima". Saluni anaweza kusuka, ila dawa za kulainisha nywele aachiwe mkubwa. Kwenye bustani ya mboga amwagilie na avune. Bomba la kupulizia dawa asiliguse, na siku ya kupulizia asije kabisa.

Mzigo ndio unaodanganya, kwa sababu dukani kila kitu kinaonekana cha kawaida. Mfuko wa saruji ni kilo 50. Mtungi wa gesi wa kilo 15, ukijaa, unafika karibu kilo 30, maana chuma nacho kina uzito wake. Kreti ya soda za chupa inakaribia 20. Kipimo rahisi: kama kitu ni kizito kuliko ndoo ya maji ya lita 10, abebe mtu mzima, au kifunguliwe kibebwe kidogo kidogo.

Kinachobaki si kidogo: kupanga rafu, kubandika bei, kufungasha sukari na unga, kuhesabu stoo, kuchapa na kutoa kopi stesheneri, kuokota mayai, kuwafundisha wadogo hesabu. Kibanda cha wakala wa pesa za simu tunashauri umwepushe nacho. Matapeli wanawapenda vijana wapya, na muamala mmoja wa kilaghai unaweza kula malipo yake ya mwezi mzima.

Saa

Mtoto haruhusiwi kufanya kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Na kazi ikizidi saa sita kwa siku, sheria inaiita ya kinyonyaji. Hizo ni kuta za nje. Wewe panga ndani yake. Kwa kijana aliye likizo, saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, na nusu saa ya kula katikati, inatosha. Anayesoma asipewe zaidi ya saa mbili baada ya vipindi, na karibu na mitihani asipewe kabisa.

Weka saa ya kutoka ambayo bado kuna mwanga wa kumfikisha nyumbani. Saa hizi huongezeka polepole: leo "subiri kidogo mzigo ushuke", kesho "nishikie duka nikaswali", wiki ya tatu anafunga yeye saa tatu usiku.

Hapa ndipo kazi ya dada wa ndani wa kulala inapokwama. Msichana wa miaka 15 anayelala kwa mwajiri ataamshwa saa kumi na moja kuwaandaa watoto wa shule, na atasubiri vyombo vya chakula cha usiku. Hata mwajiri mwenye roho nzuri atavunja sheria bila kujua. Kama ni chini ya 18, asilale hapo. Aje asubuhi, aondoke mchana.

Malipo na shoti

Chukua anacholipwa mtu mzima kwa kazi hiyohiyo, gawa kwa saa zake, zidisha kwa saa za kijana. Mtu mzima akipata shilingi 8,000 kwa saa nane, kijana wa saa nne anapata 4,000. Chakula cha mchana kisikatwe humo. Lipa kila wiki, mkononi mwake, mzazi akishuhudia. Ukimlipa mzazi peke yake, kijana anakuwa amekopwa.

Nunua daftari moja la kaunta. Chora safu sita: tarehe, kuingia, kutoka, jumla ya saa, malipo, sahihi. Ukurasa wa kwanza andikeni kazi zake na kiwango, mkasaini watatu: mwajiri, mzazi, kijana.

Ugomvi mkubwa huwa ni shoti. Jioni pesa zinapungua 7,000, na anayeonekana ni yeye. Zuia hivi: asubuhi hesabuni pamoja chenji ya kuanzia, mfano 20,000, na iandikwe. Anayechukua pesa au bidhaa, bosi akiwemo, aandike hapohapo. Kijana akimaliza zamu hesabuni tena kabla hajavuka mlango, si kesho yake. Mara nyingi "shoti" hutokea kuwa ni soda mbili alizochukua mwenye duka na mkopo wa jirani ambao haukuandikwa. Hata ikibaki pengo la kweli, usikate kwenye malipo yake: mwondoe kwenye droo ya pesa, mrudishe kwenye rafu.

Mambo yakiharibika

Mzazi apite bila taarifa angalau mara moja kwa wiki na asome daftari. Malipo yakigoma, nendeni nalo kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa kazi. Akipigwa, akishikwashikwa au akinyimwa kurudi nyumbani, mtoeni siku hiyohiyo, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au pigeni 116, namba ya msaada kwa mtoto, bure.

Siku ya mwisho mlipe salio lote, kisha mwandikie barua ya nusu ukurasa: alifanya nini, tangu lini hadi lini, nani athibitishe. Ataihitaji akiomba kazi nyingine.