Kumchagulia kijana kamera ya kupanda nayo Kilimanjaro: anza na betri, kamera baadaye

Likizo ya Juni ikikaribia, sisi tunaohangaika na kamera hapa Moshi tunaulizwa swali moja: "Kijana anapanda mlima na wenzake wa shule, nimchukulie kamera gani?" Wanazungumzia zile ndogo za kufunga kifuani au kushika mkononi, ambazo mtaani zote zinaitwa GoPro hata kama kampuni ni nyingine. Mara nyingi mzazi anakuwa ameshapita dukani, ameonyeshwa boksi lililoandikwa 4K (kipimo cha ubora wa video) kwa herufi kubwa, na kwangu anataka kuthibitishiwa tu. Mama mmoja wa Kiboriloni alinijia na picha ya boksi kwenye simu.

"Kaka, hii ina 4K. Si ndiyo nzuri?"

"Mama, betri yake inatoka?"

Hakuwa ameiangalia. Wala muuzaji hakuwa amemwambia.

Kwa mlima, betri na memori kadi ndivyo vinavyoamua kama kijana atarudi na video ya kilele au atarudi na maneno matupu. Ubora wa picha unafuata nyuma. Mwongozo huu nimeuandika nikifikiria njia ya Marangu na kijana wa sekondari mwenye bajeti ya kawaida. Anayekwenda kuteleza kwenye theluji Ulaya anaweza kuufuata pia, maana baridi ni ile ile, ila yeye azingatie zaidi helmeti na kuanguka.

Hatua ya 1: Ielewe baridi

Moshi mjini tuko kama mita 800 na ushei kutoka usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895. Joto hushuka kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo hesabu hiyo peke yake inakupa tofauti ya zaidi ya nyuzi 30. Halafu ongeza kwamba safari ya kileleni inaanza kambi ya Kibo, juu ya mita 4,700, karibu na saa sita usiku, jua halipo na upepo upo. Nyuzi 10 chini ya sifuri ni kawaida, na usiku mbaya unaweza kufika 20 chini ya sifuri.

Betri ya lithiamu haipotezi chaji yote kwa baridi hiyo. Chaji imo ndani, ila kemikali zinasuasua, umeme hautoki kwa kasi ambayo kamera inaitaka, volti inaanguka, na kamera inajizima ikidhani betri imekwisha. Ukiipasha moto mwilini, asilimia zinarudi. Ukilijua hili, nusu ya maamuzi yanayofuata yanakuwa mepesi.

Hatua ya 2: Betri lazima itoke

Kamera ambayo betri yake imejengewa ndani, ikizima pale juu umebaki na jiwe. Hapo naziondoa kabisa GoPro HERO ndogo ya mwaka 2024 na Insta360 GO 3. Ni kamera nzuri za Coco Beach. Kwa usiku wa Kibo hapana.

Zinazobaki ni familia mbili ninazoziamini. Kwa GoPro, tafuta HERO11 au HERO12, na uhakikishe betri ni zile nyeupe zinazoitwa Enduro, zilizotengenezwa kwa kuifikiria baridi. Betri hizo zinaingiliana kuanzia HERO9 hadi HERO12. HERO13 ina betri yake nyingine kabisa, kwa hiyo usikubali muuzaji akuchanganyie akikuambia "zote za GoPro zinafanana". Kwa DJI, tafuta Osmo Action 4 au Action 5 Pro. Betri zao zinaingiliana pamoja na za Action 3, jambo linalosaidia sana ukinunua zilizotumika.

Nunua tatu. Za kopi zisizo na jina, waachie wengine. Fedha zikipungua, shuka toleo la kamera, usipunguze betri. HERO11 iliyotumika yenye Enduro tatu itamshinda mwenye HERO13 mpya na betri moja.

Hatua ya 3: Sasa chagua kamera

Mimi ni mtu wa Osmo Action, nalisema waziwazi. Kihisi chake cha picha ni kikubwa kuliko cha GoPro za HERO11 hadi HERO13, na hilo linaonekana alfajiri wakati mwanga bado ni hafifu. Action 5 Pro ina pia hifadhi ya ndani, hivyo kadi ikigoma kijana hakosi kitu. Ubaya wake mmoja: inataka iamilishwe kwa programu ya simu ya DJI Mimo, na programu hiyo, kwa simu ya Android, unaipakua kutoka tovuti ya DJI yenyewe. Fanya hivyo nyumbani penye intaneti, si langoni Marangu wakati wenzake wanasaini kitabu.

GoPro inashinda kwa vifaa. Ukizunguka Arusha au Moshi utapata mikanda na vishikio vyake kwa urahisi zaidi.

Ukinunua kamera iliyotumika, fungua mlango wa betri uangalie mpira wa kuzuia maji kama haujachanika, kisha angalia betri kama haijavimba. Kioo cha mbele kilichokwaruzika kwenye HERO9 na kuendelea kinabadilishwa. Kwenye HERO8 hakitoki, achana nayo.

Kamera za nyuzi 360 usimnunulie. Lenzi mbili zimejitokeza nje, na kazi ya kuhariri itamshinda kabla hajamaliza siku ya kwanza.

Hatua ya 4: Memori kadi

Hapa ndipo masaa yanapoliwa, kwa hiyo usinisome haraka.

Kadi feki inayosumbua zaidi inafanya kazi vizuri mwanzoni. Ndani yake kuna nafasi ya, tuseme, GB 16, lakini imepangwa iiambie kamera kwamba ni GB 128. Kamera inaamini na inaandika. Ikishavuka nafasi halisi, kadi inaandika juu ya zilizotangulia au inatupa tu, na haitoi onyo lolote. Kijana anaona video zimejipanga kwenye orodha, majina yapo, ukubwa upo. Akifika nyumbani, za msituni kabla ya kambi ya Mandara zinacheza, za kambi ya Horombo zinacheza nusu, na za kileleni hazifunguki. Kadi feki inakula kilele kwa sababu kilele ndicho kinachorekodiwa mwisho. Nimeletewa kadi za namna hiyo na vijana waliokuwa karibu kulia, na hakuna programu ya kurudisha kitu ambacho hakikuandikwa.

Kwa hiyo kila kadi ipimwe kabla ya safari, hata iliyofungwa na kibandiko kinachong'aa, hata ya ndugu yako mwenye duka. Ongea na muuzaji kabla hujalipa: "Naenda kuipima, ikifeli narudi nayo." Anayekataa amekwisha kukujibu. Tunza risiti na kifungashio chake.

Nunua yenye alama ya V30, maana yake inaahidi kuandika si chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. Kamera ikirekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inatumia megabaiti 12.5 tu (biti nane ni baiti moja), kwa hiyo V30 inatosha na huhitaji kulipia V60. Kwa kasi hiyo saa moja inakula kama GB 45. Kijana anayerekodi vipande vya sekunde 20 hawezi kumaliza GB 64 kwa siku moja.

Kwa kompyuta ya Windows tumia programu ya kupima kadi iitwayo H2testw, ni ya bure. Kwa Linux au Mac ipo F3. H2testw ikifunguka inakuja na Kijerumani. Chagua English pale juu. Chagua kadi yako, na hapa angalia herufi ya diski mara mbili, usije ukaijaza diski nyingine kwa bahati mbaya. Kadi iwe tupu. Acha ilivyo kwenye nafasi yote, bonyeza Write + Verify, kisha kaa mbali nayo. Itaijaza kadi hadi pomoni, halafu itasoma kila ilichoandika kuona kama ndicho.

Sasa mambo yanayowakwamisha watu. Kisoma kadi cha bei ya chini cha USB 2 kitafanya GB 128 zichukue masaa mengi, na kasi itakayoonekana mwisho itakuwa ya kisoma kadi, si ya kadi. Azima cha USB 3. Zima ile tabia ya kompyuta kulala yenyewe. Umeme ukikatika katikati na betri ya laptopu ni mbovu, unaanza upya, kwa hiyo wengine hupima usiku. Kadi ikipata moto kidogo ni kawaida. Ikipotea kwenye orodha katikati ya kipimo, jaribu tundu jingine na kisoma kingine kabla hujamlaumu mwenye duka, kwa sababu adapta zile za plastiki za kuingizia kadi ndogo ndizo zinazoharibika mara nyingi.

Mwisho unataka kuona sentensi moja: "Test finished without errors." Ukiona inazungumzia "defective" au idadi ya GB zilizopotea, irudishe siku hiyo hiyo. Ikifaulu, usiifute kwa kompyuta. Iweke kwenye kamera na uifomati humo humo, halafu rekebisha tarehe na saa.

Napendelea kadi mbili za GB 64 kuliko moja ya 128. Ya kwanza inatumika kutoka langoni hadi Kibo. Jioni ya kulala Kibo anaweka ya pili, tupu, kwa ajili ya kilele. Aibadilishe ndani, amekaa kitandani, amevua glavu. Nje, kadi ndogo kama ukucha ikidondoka kwenye changarawe, hata wagumu, yaani wapagazi, waliozoea mlima hawataiona.

Hatua ya 5: Pa kuishikia

Kishikio kifupi cha mkononi chenye miguu mitatu inayokunjika. Basi. Mkanda wa kichwani unagombana na taa ya kichwa juu ya kofia ya sufu, na mkanda wa kifuani utakupa video ya kisigino cha aliye mbele. Fimbo ndefu za selfi zinakuwa mzigo ifikapo Horombo.

Kifunge na kamba ya mkononi.

Hatua ya 6: Mipangilio

4K, fremu 25 kwa sekunde. Umeme wetu ni hezi 50, na fremu 25 au 50 zinazuia taa zisipepese kwenye picha. Kutuliza mtikisiko iwashwe. Wi-Fi, GPS, skrini ya mbele na amri za sauti vizimwe vyote. Skrini ya nyuma ijizime baada ya dakika 1.

Washa pia ile njia ya kifungo kimoja: kamera imezimwa, unabonyeza kitufe cha juu, inajiwasha na kuanza kurekodi, ukibonyeza tena inaacha na kujizima. GoPro wanaiita QuickCapture, DJI wanaiita SnapShot. Skrini ya kugusa haisikii glavu nene, na kijana akizivua kila mara, saa kumi alfajiri vidole havitamtii.

Hatua ya 7: Mazoezi kwenye friza

Kupima betri barazani Pasua hapa Moshi mchana hakukuambii kitu, hapo kamera itakuonya kwamba imepata joto kupita kiasi. Friza ya nyumbani kwa kawaida iko karibu na nyuzi 18 chini ya sifuri, sawa na usiku mbaya wa mlimani. Weka kamera na betri moja ndani ya kopo la chakula lenye mfuniko wa kubana, uliache nusu saa karibu na samaki. Toa, rekodi, uone inadumu dakika ngapi. Kisha kijana aipashe ile betri mfukoni na aijaribu tena, ajionee mwenyewe asilimia zinavyorudi. Hapo hutahitaji kumhubiria.

Ukimaliza, irudishe ndani ya kopo na ulifunge hadi lipate joto la chumba, ndipo ufungue. Kamera baridi ikikutana na hewa ya joto inavuta unyevu, na ukungu unaoingia nyuma ya kioo hautoki kwa kupangusa. Mlimani iwe hivyo hivyo: akirudi Kibo kutoka kileleni, kamera aiweke kwenye kopo na kulifunga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, hivyo usimfungie kwenye rambo.

Hatua ya 8: Usiku wenyewe

Ziandike betri 1, 2 na 3 kwa kibandiko cha karatasi. Kuanzia Horombo zote zinalala naye ndani ya begi la kulalia. Kuondoka Kibo, ya 1 iko kwenye kamera, na kamera iko ndani ya koti. Ya 2 na ya 3 ziko kwenye mfuko wa nguo ya ndani, zinapogusana na joto la mwili. Mfuko wa begi la mgongoni ni baridi kama nje. Betri ikizima anaitoa na kuirudisha mwilini, asiihesabu kuwa imekufa.

Gizani asirekodi akitembea. Kutuliza mtikisiko kwenye giza kunaleta picha ya kutetemeka na ukungu, na video ya taa za vichwa inachosha kutazama. Arekodi kidogo wakati wa kuondoka, kisha aiache kamera kotini hadi mbingu ianze kupauka, karibu na Gilman's Point, kwenye mita 5,685. Jua likichomoza nyuma ya Mawenzi ndiyo zamu ya betri ya 2. Ya 3 anaifungulia Uhuru, mbele ya kile kibao.

Betri iliyo chini ya nyuzi sifuri isichajiwe, hata kama pawabenki ipo. Inaharibika ndani kwa ndani. Aipashe kwanza, ndipo achaji.

Akirudi nyumbani, chomoa kadi zote mbili, nakili kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, fungua video tatu nne za mwisho uone zinacheza mpaka mwisho, ndipo ufomati.